Majina Elfu Mbili kwa Mkupuo Mmoja

Jana mchana niliota nimesimama mbele ya studio ya marehemu Mzee Ambwene, nagawa majina.

Ndoto ilinikuta mezani, kichwa juu ya mkono. Mimi ni Sekela, mtunza kumbukumbu wa maktaba ndogo hapa Tukuyu. Mwezi mzima nimekuwa nikiskani picha alizoacha Mzee Ambwene, aliyewapiga picha watu wa mji huu kwa miaka arobaini. Picha ni 2,140, na kompyuta imezipa namba tu: skani_0001, skani_0002, hadi mwisho. Majina ya watu yamo kwenye daftari lake, kwa mpangilio uleule. Niliyachapa yote yakawa orodha. Kilichobaki ni kuiambia programu ichukue orodha ile na kubadilisha majina ya mafaili yote kwa mkupuo mmoja.

Orodha ilitoka na majina 2,139. Picha moja ilizidi. Nikasema si neno, nitaiangalia baadaye.

Nilikuwa na haraka kwa sababu ya Mama Tusajigwe. Ana miaka sitini na nne na hajawahi kuiona sura ya mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado ananyonya. Nyumba yao iliungua na kila kilichokuwamo. Jina la marehemu limo daftarini: Subilaga, mke wa fundi cherehani. Nilimwambia Mama Tusajigwe aje kesho yake saa nne. Nikaipa programu kanuni tatu za kuandika majina hayo, na kabla sijabonyeza, usingizi ukanipitia.

Sasa foleni inaanzia studio na kuishia sokoni. Wote ni picha za nyeusi na nyeupe, wamevaa nguo za Krismasi. Nikigeuka, studio imekuwa posta. Hakuna anayeshangaa.

Dirishani ameketi Programu. Ni bwana mnene, suti ya kaki, mhuri mkononi.

"Kanuni ya kwanza," anasema.

"Ondoa nafasi zote."

Anagonga mhuri. Nafasi zilizokuwa kati ya watu zinabeba mabegi yao na kutoka kwa mlango wa nyuma, moja moja, bila kuaga. Foleni inabanana mpaka hakuna awezaye kujikuna.

"Shikamoodadasekelatunabanwa," wanasema.

"Marahaba," nawajibu.

"Kanuni ya pili."

"Herufi kubwa ziwe ndogo."

Anagonga. Mwalimu mkuu mmoja wa zamani, aliyesimama mbele ametunisha kifua, anapungua mpaka kimo cha kikombe cha chai.

"Hii ni ya muda?" ananiuliza kutoka sakafuni.

"Ni ya kudumu," anajibu Programu. "Kanuni ya tatu."

"Fuata orodha."

Hapo anachangamka. Anamgonga kila mmoja jina lake kwenye paji la uso, wa kwanza, wa pili, wa mia tano, na kila aliyegongwa anatabasamu na kwenda zake. Mambo yanakwenda vizuri hadi 617. Baada ya hapo zinaanza kelele.

Bwana mwenye baiskeli, namba 619, anajipenyeza hadi dirishani. Pajini ameandikwa Mapacha wa Lupaso.

"Mimi ni mmoja," anasema kwa upole. "Tangu nimegongwa namtafuta mwenzangu. Nimetazama hata chini ya tandiko."

Nyuma yake mapacha wenyewe wameandikwa Mwalimu Kibona, na tayari wamekabidhiwa chaki. Na mbele yake, 618, ni mwanamke kijana mwenye kilemba. Ameandikwa Anyosisye. Amepewa ufunguo wa baiskeli isiyo yake, na anautazama tu.

"Bwana Programu," nasema, "wape majina yao."

"Majina yao ni yapi?"

"Wewe ndiye uliyewapa."

"Mimi hufanya nilichoambiwa. Sijui nani ni nani. Sina macho." Ananigeukia vizuri, na kweli hana.

Tunashuka ngazi. Sijui zimetoka wapi, lakini foleni yote imesimama juu yake, kila picha na kidato chake. Kwenye kidato cha 617 ameketi mtu aliyefunika uso wote kwa kiganja. Ndiye aliyepewa jina la Subilaga.

Nashuka hadi kwake. Kesho Mama Tusajigwe ataoneshwa kiganja.

"Dada," namwambia, "ondoa mkono, tafadhali. Binti yako anakuja."

"Siwezi," anasema. "Napiga chafya. Nimekuwa nikiipiga tangu siku ile. Muulize huyo aliyenifuata."

Mwanamke wa kilemba anainama. "Huyo ni mimi," anasema, "sekunde chache kabla. Mzee Ambwene akasema, haijatoka, turudie. Akapiga ya pili. Daftarini akaandika jina mara moja tu."

Basi picha iliyozidi si ya mwisho. Ni hii. Nasimama wima na kusema polepole, maana nimeshajua ninazungumza na nani:

"Kuanzia 618, kila jina lishuke kidato kimoja."

Programu anagonga. Majina yanaruka kwa pamoja, vishindo elfu moja na mia tano na zaidi. Anyosisye anapata jina lake na ufunguo wake. Mapacha wanarudisha chaki.

"Na 618?"

"Subilaga."

"Haiwezekani. Majina mawili hayaruhusiwi kufanana."

"Basi wa kwanza, Subilaga anapiga chafya. Wa pili, Subilaga anacheka."

"Hayo yanahitaji nafasi," anasema Programu. "Nafasi uliziondoa."

"Nazirudisha."

Mlango wa nyuma unafunguka. Nafasi zinaingia na mabegi yao, zimechoka kidogo, na kila moja inakwenda kukaa mahali pake. Foleni inavuta pumzi. Mwanamke wa kilemba anacheka.

Nikaamka.

Kioo cha kompyuta kilikuwa kinanisubiri, kitufe hakijabonyezwa. Nilitafuta skani_0617. Niliiskani kwa mashine pamoja na nyingine, sikuwahi kuitazama. Nikaifungua: kiganja, kilemba, na ukungu wa mtu aliyetikisika.

Nikafungua 618. Mwanamke yuleyule anacheka mpaka fizi zinaonekana, na pembeni kabisa, nyuma ya pazia la studio, umechomoza mpini wa baiskeli ya anayesubiri zamu yake.

Nilirekebisha orodha, nikafuta zile kanuni mbili za kwanza, nikabonyeza. Kisha nikampigia simu Mama Tusajigwe.

"Mama, usingoje kesho. Njoo leo."

"Umempata?"

"Nimempata mara mbili."

Nikasikia anahema, na viatu vikivutwa kutoka chini ya kitanda.

"Anafananaje, mwanangu?" akauliza, na kabla sijajibu akanikatiza: "Hapana, usiniambie. Nakuja nimwone mwenyewe."