Kiti cha Perpétue

Callixte aliipenda rangi yake ya dhahabu kupita kiasi. Hakuna video ya harusi ya Wakongomani iliyotoka kwenye chumba chake cha kuhariri pale Hopkins, ng'ambo, bila kupakwa rangi hiyo. Wateja walimsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Jumamosi moja alikuja Maombi, bibi harusi wa mwezi uliopita, kuitazama video yake kabla haijatumwa Nyarugusu. Huko kambini mama yake, Perpétue, bado alikuwa akisubiri kibali cha kusafiri, na alikuwa amelia kwenye simu kwamba mwanawe anaolewa ugenini kama yatima, bila watu. Ili kumtuliza, Maombi alimwekea kiti kanisani Oakdale, ubavuni pake, akakitandika kitenge alicholetewa kutoka kwa mama. Akamwapia kwamba atakiona kwenye video.

Sasa, kwenye skrini, mahali pa kiti palikuwa na giza tupu.

"Kiti ya mama iko wapi, kaka?"

Callixte alimwambia asijali, ni mambo ya lumière, ya mwanga tu. Chini ya dhahabu, kwenye orodha ya kompyuta, akaongeza efekti ya kuangaza vivuli. Giza likawa kijivu kama ugali wa jana. Akaongeza nyingine, na Maombi mwenyewe akapata uso wa mgonjwa. Jasho likamtoka Callixte, ilhali nje theluji ilikuwa ikianguka. Ndipo alipoitazama safu ya efekti zake, akaona haya. Programu huanza na ya juu ikishuka chini, na juu kabisa aliiweka dhahabu, ambayo humeza vivuli vyote. Zilizofuata ziliangaza kitu ambacho hakikuwapo tena. Alikuwa akipiga nguo pasi kabla ya kuifua.

Akaishusha dhahabu chini kabisa, akatanguliza mwanga. Picha ikafunguka. Pindo la kitenge likaonekana, pindo tu, kwa kuwa juu yake palikuwa na rundo la makoti ya baridi lililofika begani pa bibi harusi. Wageni walikosa pa kuyatundika, wakaona kiti kitupu.

Callixte alimwonea huruma. Akamwambia polepole kwamba giza anaweza kulirudisha, mama hatajua.

Maombi aliisogelea skrini. Aliyatazama yale makoti. La jirani yake Donatille alilitambua, na la mchungaji. Mengi hakujua ni ya nani.

"Acha vile," akasema. "Aone watu walikuya."