Kitambaa Chekundu cha Komandoo

Pale Goba wanapotunzia mbwa wa watu, sheria ni moja: mbwa anayeng'ata hufungwa kitambaa chekundu shingoni, na haguswi mpaka afungwe mdomo kwanza.

Mbwa mmoja, Komandoo, alikuwa nacho. Tatizo ni mwenye mbwa, mama mmoja aliyekuwa mkali kuliko mbwa wake. "Mwanangu kawa jambazi?" alifoka kila akija na kukiona. Juzi alipopiga simu kwamba yuko njiani, Lusungu, msimamizi wa zamu, alikuwa amechoka kusemwa. Akakifungua kile kitambaa ili mama apige picha zake kwa amani. Mama alipoondoka, Lusungu akasahau kukirudisha. Kwa kazi ile, huko si kusahau, ni uzembe.

Jana asubuhi Albano, mhudumu ambaye hakuwa amemzoea Komandoo, aliingia bandani kumtoa akaoge. Aliangalia shingo, hakuona kitu, akanyoosha mkono. Komandoo aliuchana kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko.

Wenzake walimkimbiza hospitali. Lusungu alibaki, akamfunga mbwa mdomo, kisha akamrudishia kitambaa. Madam Marietha, mwenye kituo, alipofika alikikuta mahali pake. Mchana Albano aliporudi kutoka hospitali, akafukuzwa kazi kwa kumgusa mbwa mwenye kitambaa bila kumfunga mdomo.

Usiku ule Lusungu hakupata usingizi. Leo akaenda Manzese kumjulia hali.

"Karibu, wifi," alisema Mauwa, mke wa Albano, akimsogezea kiti. "Wenzenu wengine hata simu hawajapiga."

Albano alikuwa kaegemea ukuta, mkono umefungwa bandeji. "Sindano ya kichaa cha mbwa nimechoma, dada. Mkono utapona, kazi ndo imeenda." Akashusha sauti. "Ujue mie niliona shingo tupu kabisa. Kumbe macho yangu ndo yanakufa. Nataka nikapimwe."

Lusungu aliona aibu. Angenyamaza hapo, angekuwa mtu wa namna gani?

"Macho yako mazima, kaka. Kitambaa nilikifungua mie. Nikakirudisha baada ya wewe kung'atwa."

Akampigia Madam palepale, akamweleza yote mbele yao. Madam akasema Albano arudi akipona, na yeye Lusungu aje kesho kukabidhi funguo.

Albano alimtazama mgeni wake.

"Jana nilimpigia Madam magoti na bandeji hii hii," alisema. "Wewe ndo uliyeninyanyua pale chini, dada. Ukanipangusa na vumbi la magotini."