Kijiko cha Kinyesi

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa kinyesi cha kamba, nami nilikuwa nakihamisha kutoka bakuli la tangi la pili kwenda bakuli la tangi la tano. Nilikuwa naiba. Nikajiona mwema ajabu.

Miaka kumi na minane imepita, na nikiikumbuka asubuhi ile bado nacheka peke yangu mpaka watu wananigeukia. Nilikuwa mgeni kazini, kwenye shamba la kamba wa maji baridi, wale wenye magando. Nilifyonza kinyesi chao kwa mpira mwembamba, nikakikausha, nikakipima. Kazi hiyo nilitafutiwa na wifi yangu, mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia. Yeye alikuwa mwosha matangi, lakini kwa miezi saba alikuwa akichanganya chakula cha kamba alichokibuni mwenyewe, cha soya na funza waliokaushwa, akitaka kiwe bora kuliko kile cha kununua. Msimamizi alikubali kijaribiwe mara moja tu. Kikishindwa, wifi angerudi kwenye brashi na ndoo, na mashine aliyokisagia chakula hicho ingefungwa.

Matangi matatu ya kwanza yalilishwa cha kununua, matatu ya mwisho cha wifi. Vyote viwili vilitiwa unga wa kijani ambao tumbo la kamba haliwezi kuusaga. Kwa nini, sikuuliza. Mimi na mpira wangu tulitosheka.

Siku ya nne nikaanza kuhofu. Matangi ya cha kununua yalijaa kinyesi. Ya wifi yalitoa vinyuzi viwili vitatu. Basi, nikasema, kamba wamekisusa chakula chake. Nyumbani alikuwa akifua huku akiimba, na mimi sikuwa na uso wa kumwambia. Kwa siku tatu nikamwongezea, kijiko kimoja kimoja.

Ndipo akanikuta. Alisimama mlangoni, brashi begani, akanitazama mimi, akakitazama kijiko.

"Wifi, unaniongezea mavi?"

Nikamweleza yote, machozi yakinilengalenga. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanivuta kwenye matangi yake anionyeshe: hapakuwa na hata punje moja ya chakula iliyobaki. Kamba walikula chote. Kilichotoka kilikuwa kidogo kwa sababu kingine kilibaki mwilini, kimeshakuwa nyama. Na kijani chake kilikuwa kimekolea kuliko cha jirani, maana ule unga hausagwi: chakula kikisagwa zaidi, kinyesi hupungua na unga hubaki uleule.

"Hicho kidogo ndicho ushindi wangu," akasema, "na wewe umekizamisha."

Tukaenda pamoja kwa msimamizi, nikakiri. Hakucheka. Vipimo vya siku tatu vikamwagwa, tukaanza upya, na safari hii nilikifyonza kile kidogo kwa heshima zote. Matokeo yalipotoka, katika kila gramu mia za chakula cha wifi, kamba walikuwa wamesaga themanini na saba. Za kile cha kununua, sabini na tisa. Wifi akanikumbatia nikiwa nimelowa hadi magotini, na sijawahi kufurahi vile kazini.

Likabaki jambo moja. Daftari lilitaka sababu ya zile siku tatu zilizotupwa, na msimamizi akamsukumia wifi kalamu, maana jaribio lilikuwa lake. Akafikiri kidogo, akaandika: "Mpimaji alinipenda kupita kiasi."

Msimamizi akasoma mara mbili, akatia sahihi.