Kunguru Mweupe wa Kuze

Anayedai kumwona kiumbe adimu sharti amwonyeshe mwenzake mmoja kwa macho. Akishindwa, afungwe kinywa mwezi mzima, asome yote yanayoandikwa wala asimjibu yeyote. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Baraza. Hakuna aliyeweza kudai kwamba haijui, kwa kuwa Chirau, aliyeitunga huko London alikokuwa akifanya kazi, aliibandika mwishoni mwa kila barua yake kama muhuri.

Baraza lenyewe halikuwa na ukuta wala mkeka. Lilikuwa la barua pepe, katika mwaka wa tisini na nane, wakati ambapo watu wengi wa Mombasa walikuwa wakiziona kompyuta kupitia vioo vya madirisha tu. Wanachama wake walikuwa watu wa Pwani waliotawanyika duniani, wakaunganishwa na mapenzi ya viumbe wasioonekana ovyo. Waliwinda kwa macho, na zaidi waliwinda kwa maneno.

Bingwa wa maneno hayo alikuwa Muhdhar, muuza udi na ubani wa mtaa wa Kuze, Mombasa. Kila siku baada ya sala ya alasiri alifunga duka, akaenda Ndia Kuu kwa Bi Sumeiya, aliyekuwa na kompyuta tatu za kukodisha, akachapa kwa kidole kimoja. Tangu kufiwa na mkewe, nyumba yake ilikuwa haina mtu wa kucheka anaposema jambo. Baraza lilicheka. Kwa ajili ya kicheko hicho alikuwa tayari kumchoma mtu yeyote, na aliyependa kumchoma kupita wote ni Samuel Kavumbi.

Kavumbi alikuwa karani mkuu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, akiandikia ofisini mwake Ganjoni. Kutoka Ganjoni hadi Kuze ni mwendo wa miguu tu, lakini wawili hao hawakuwa wamewahi kukutana. Walitukanana kwa njia ya London.

Siku moja Kavumbi aliandika: "Nimemwona kunguru mweupe. Si wa kijivu, mweupe tangu mdomo hadi mkia. Alitua juu ya tangi la maji, nyuma ya madrasa ya Kuze."

Muhdhar alihisi kana kwamba mtu amemwingilia chumbani. Alizaliwa Kuze, akaoa Kuze, na tangi hilo lilikuwa la jirani yake.

"Bwana Kavumbi," akachapa, "huyo ni kunguru aliyeanguka katika gunia la unga. Mtie mafuta, umle kama chapati."

"Wewe uko hapo miaka hamsini hukumwona," akajibu Kavumbi, "kwa kuwa huinui uso kutoka kwenye mizani yako."

"Mizani yangu haijapata kupima uongo mzito kama huo."

Chirau akashauri ategwe kwa dagaa. Joy Dama, muuguzi aliyekuwa Leeds, Uingereza, akasema atakayemtega yeye hamjui, ndege apigwe picha tu. Kwa wiki nzima Baraza liliwaka, wenzao wakicheka, lakini wale wawili walikuwa wamekwisha kuacha kucheka. Mwishowe Chirau akaitaja sheria: Kavumbi na amwonyeshe Muhdhar, maana wanachama wengine wote wako ng'ambo.

Kavumbi alifika Jumamosi asubuhi, mtu mrefu, shati limepigwa pasi, darubini shingoni.

"Hodi."

"Karibu," alisema Muhdhar, kwa sauti ya mtu anayefukuza. "Kumbe ndiwe. Nilidhani u mnene, kwa uongo uliobeba."

"Nami nilidhani u mfupi. Sikukosea."

Walipanda darini, wakasimama penye jua, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Kunguru walikuja kwa makundi, wakapiga kelele, wakaenda zao, weusi wote. Muhdhar hakumtolea mgeni kiti. Hakumtolea hata maji, jambo ambalo marehemu mkewe angalilionea haya mbele ya mtaa wote.

"Yuwapi mpendwa wako?" akauliza. "Au leo amekwenda kufua?"

"Atakuja. Koo langu limekauka. Nashuka dukani kununua soda, kwa kuwa nyumba hii naona kisima chake kimekufa."

Kavumbi aliposhuka, Muhdhar alibaki akicheka peke yake. Kicheko hakijesha, kunguru mweupe akatua juu ya tangi. Alikuwa mweupe kama kanzu ya Idi, mdomo wake wa rangi ya waridi, naye akageuza kichwa akamtazama mwenye nyumba kwa jicho moja, pasi na haraka. Muhdhar akasogea hatua moja. Alitamani kuita, jina la Kavumbi lilifika ulimini. Kisha akakumbuka kicheko cha Baraza, na nani atakayechekwa kesho. Akaubana ulimi wake kwa meno. Ndege akaruka kuelekea baharini.

Nyayo zikasikika ngazini.

"Kuna kitu?" aliuliza Kavumbi, chupa mkononi.

"Kuna kunguru," alisema Muhdhar. "Weusi."

Walikaa hadi adhuhuri. Kavumbi akateremka bila kuaga, na jioni ile Muhdhar akaliandikia Baraza barua ndefu kupita zote alizopata kuandika. Alieleza darubini, soda, na jasho la karani. London walicheka, Leeds walicheka. Kavumbi aliandika mstari mmoja: "Nimeshindwa kuonyesha. Nafunga kinywa." Akanyamaza.

Laiti mambo yangaliishia hapo, ungalikuwa utani mbaya tu. Lakini Joy alikuwa na mama mgonjwa mtaani Tudor, Mombasa, asiye na simu, na kila Jumapili baada ya ibada Kavumbi alikuwa akienda kumtazama na kumwandikia bintiye hali yake. Wiki ya pili ya ukimya Joy aliandika, wala hapakuwa na mzaha ndani yake:

"Ndugu zangu, Bwana Kavumbi aliniambia mama anakula vizuri na kutembea hadi kibarazani. Ikiwa alitudanganya kuhusu ndege, nitajuaje hakunidanganya kuhusu mama? Nisipopata jibu, naacha kazi nirudi. Tafadhali, mtu aniambie kweli."

Muhdhar aliisoma mara mbili. Akainuka bila kuchapa neno, akashika njia ya Ganjoni.

Kavumbi aliinua uso ofisini mwake, akamkuta Muhdhar amesimama mbele ya meza yake, naye hakumwambia aketi.

"Mjibu binti wa watu," alisema Muhdhar.

"Nimefungwa."

"Ni mama yake, bwana! Sheria ya ndege itazuia habari ya mama?"

"Isome. Imesema asimjibu yeyote. Sikuitunga mimi, lakini niliikubali, nami si mtu wa kukubali jambo asubuhi na kulikana jioni." Kavumbi aliweka kalamu chini. "Mama anakula. Jumapili alinigombeza kwa kuchelewa. Hayo nakwambia kwa kuwa umekuja kwa miguu yako."

"Basi nitamwandikia mimi."

"Mwandikie. Atauliza umeyapata kwa nani. Utamwambia kwa yule mwongo?"

Muhdhar aligeukia dirishani. Nje makuli walikuwa wakigombana juu ya mkokoteni.

"Nilipokwenda kununua soda," aliuliza Kavumbi polepole, "alikuja?"

"Alikuja."

Uso wa karani haukubadilika, ila masikio yake yalipiga wekundu. Alisimama akafungua mlango.

"Usiniambie mimi, mimi nilimjua tangu mwanzo. Nenda ukawaambie wao. Tena ondoka upesi, kabla sijasahau kwamba hapa ni ofisini."

Muhdhar alirudi Ndia Kuu. Kwa Bi Sumeiya aliketi muda mrefu, kisha akachapa kwa kidole chake kimoja: "Kunguru mweupe yupo. Nilimwona kwa macho yangu, Kavumbi alipokuwa ameshuka kutafuta maji niliyomnyima. Nilificha ili mcheke. Mama wa Joy anakula, na habari zake zote zilikuwa za kweli. Mwongo ni mimi."

Alitumaini, walau kidogo, kwamba watamsifu kwa kukiri. Hakusifiwa. Joy aliandika kwamba alikuwa amekwisha kumwaga machozi ya siku nne, nani atamrudishia? Chirau alimfungua Kavumbi saa ile ile, akamwuliza anataka nini.

"Ukimya wangu," alijibu Kavumbi. "Nimenyamazishwa kwa kosa la mtu mwingine. Anilipe mwezi kamili, wala sitamsamehe siku hata moja."

Ikawa hivyo. Kila alasiri Muhdhar alikwenda kusoma. Kavumbi aliandika kwanza habari za mama wa Joy, kwa adabu na kwa urefu. Kisha alimgeukia mdeni wake. "Kuna nyumba Kuze," aliandika, "ambamo mgeni hukaribishwa kwa jua." Siku nyingine: "Muuza udi yule ananusa kila kitu isipokuwa haya." Baraza lilicheka, kicheko kile kile ambacho zamani kilikuwa chake.

Majibu yalimjia, mengine makali ajabu. Yalimfika hadi ncha ya kidole. Aliweka mikono mapajani akaikaza.

"Mzee, siku hizi huandiki?" aliuliza Bi Sumeiya.

"Nasoma tu, binti yangu. Nalipa."

Mwezi ulipotimia, alikuta barua moja tu, ya mstari mmoja, kutoka Ganjoni: "Deni limelipwa. Kuanzia kesho una kinywa. Urafiki sikukuahidi."

Muhdhar aliisoma hadi mwisho, akafunga kompyuta, akaenda kufungua duka tena.