Kitabu Husomwa Tangu Mwanzo

Mgongo wa wifi yangu Thuraya ulianza kuuma mwezi wa Rajabu. Vidonge vya duka la dawa vikashindwa. Nikaenda stendi ya Mbezi Luis, kwa Mbwana anayetandaza vitabu juu ya turubai.

“Bibi, hicho cha vyakula kiache. Chukua hiki, kutuliza maumivu bila dawa. Mama yangu mwenyewe kapona.”

Mie kusoma najua, ila polepole. Na chuoni kwa maalimu wa Kurani tulifundishwa kitabu hakirukwi: unaanza mwanzo, unahitimu mwisho. Basi kila baada ya alasiri, chumbani kwake hapa Tandale, nasoma kurasa mbili, tunatenda yaliyoandikwa. Tangawizi tukachemsha. Chumvi ya moto nikaifunga kwenye kipande cha kanga, nikamkanda.

“Wifi, unanichoma! Ndo kisasi cha kaka yangu?”

“Kaka yako alinioa kwa mkeka mmoja. Tulia, bado hujaungua.”

Akicheka anashika mbavu. Mwezi wa Shaabani pakatokea uvimbe hapo ubavuni.

Najat, bintiye, akaniambia, “Mkaza mjomba, tumpeleke hospitali jamani.”

“Tuhitimu kwanza, mwanangu. Tumeshafika katikati.”

Tulihitimu Mfungo Mosi, Idi imeshapita. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, paliandikwa: angalizo, maumivu yakija na kukonda au uvimbe, usianze tiba hizi, muone daktari mapema. Nikafunga kitabu.

“Kimesemaje mwishoni?” akauliza Thuraya.

“Kimesema tumshukuru Mungu.”

Kesho yake tukaenda. Daktari alitazama picha, akatutazama na sisi. “Mlikuwa wapi siku zote hizi?”

“Tulikuwa tunasoma,” nikajibu.

Akatuandikia dawa ya kupunguza maumivu, basi. Cha kutibu, alisema, hakuna tena.

Leo alasiri nimekaa naye, mikono haina kitabu. Siku zote mie ndo humtegea. Leo kaanza yeye.

“Kitendawili.”

“Tega.”

“Mgeni wangu kaingia bila hodi. Akitoka, tunatoka wote.”

Jibu nalijua.

“Sijui, wifi.”

“Nipe mji.”

“Nakupa Mikocheni, ukapunge upepo.”

“Mbali. Sifiki.”

“Basi nakupa Tandale hii hii.”

Akafumba macho. “Hii naiacha, wifi. Baki nayo. We nikande tu.”

Nikaenda kupasha chumvi.