Boksi Lisilolalamika

Madereva walimwita Daktari, kwa sababu hakugusa spana kabla ya kuliinamia gari na kulisikiliza. Kwa miaka mingi masikio yake yalilisha nyumba mbili, yake na ya mdogo wake, fundi umeme wa gereji ile ile. Sasa masikio yalikuwa yanamwacha, kidogo kidogo, kama paa linalovuja, na yeye akawa anaziba kwa ujanja: anatazama midomo, anacheka wengine wanapocheka, anajibu "ndiyo, ndiyo" huku akiomba Mungu iwe ndiyo kweli. Hakumwambia mtu. Fundi wa kusikiliza asiyesikia ana kazi gani tena gereji, zaidi ya kufagia?

Asubuhi moja alikuja shemeji yao, mume wa mdogo wao wa kike, na pikapu yake ikivuta tela la tangi la maji. Kwenye dashibodi kulikuwa na maandishi yasiyofutika, kwamba breki za tela zina hitilafu. Boksi la breki lililotoka na gari kiwandani, lile linalopeleka umeme kwenye magurudumu ya tela dereva anapokanyaga pedali, lilikuwa halichoki kulalamika, na yeye alikuwa amechoka kulisoma. Alikuwa amenunua jingine dukani, dogo, la kutosha kiganjani.

"Nitoleeni huyo bibi wa manung'uniko, mniwekee huyu bubu," akasema. "Na mfunge vizuri, mashemeji. Nikifa, dada yenu atarudi kwenu na wanawe wote, na wale wanakula kama nzige."

Mdogo mtu akamjibu kwamba yeye hafi leo wala kesho. Kifo chenyewe kinamkimbia kwa kelele zake. Wakacheka. Daktari naye akacheka, akichelewa kidogo.

Mdogo mtu akalala chali chini ya usukani. Akachomoa boksi la zamani, akaunga nyaya za jipya moja moja kwa lehemu na utepe, taratibu, kama mtu anayesuka nywele za mtoto aliyelala. Taa ndogo ya kijani ikawaka: boksi limeliona tela. Maandishi ya hitilafu yakatoweka.

Ikabaki desturi yao. Mmoja hukaa ndani akakanyaga pedali, mwenzake huzunguka gurudumu kwa gurudumu, sikio karibu na chuma, maana breki ya umeme ikishika huvuma, mvumo mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa chupani. Hakuna tela lililotoka pale bila kusikilizwa.

Daktari alipiga magoti upande wa kushoto. Hakusikia kitu, ila alipoweka vidole kwenye chuma alihisi kitetemo. Akasema inavuma. Akazunguka kulia. Hakusikia kitu, na vidole navyo havikuhisi kitu. Akabadilisha mkono. Akaegemeza paji la uso kwenye chuma. Kimya. Na kimya kile akakichukua kuwa chake mwenyewe. Alidhani sasa amekwisha kabisa, hata vidole vimemsaliti. Angeweza kuomba kipimo cha umeme. Lakini mdogo wake angeuliza, tangu lini Daktari akahitaji kipimo?

Kwenye kioo cha pembeni aliiona midomo ya mdogo wake ikiuliza kuhusu kulia.

"Inavuma," akasema.

Shemeji akaondoka akipiga honi.

Alikuwa anashuka mteremko, tangi limejaa, lori lilipokwama ghafla mbele yake. Magurudumu ya tela ya kushoto yalishika, ya kulia hayakushika. Tela likajipinda, likaisukuma pikapu nje ya barabara, kisha likailalia. Walipomtoa alikuwa amekwisha kukata roho.

Baada ya mazishi Daktari alikwenda peke yake kwenye uwanja wa polisi yalikowekwa mabaki. Akafungua ekseli ya tela. Waya wa upande wa kulia ulikuwa umelika, na pale ulipokatika palikuwa pameota kutu ya kijani. Haukukatika siku ile. Boksi la zamani lilikuwa linasema kweli, na masikio yake, siku ile moja, hayakumdanganya.

Msibani mdogo wake alikuwa amekwisha kujihukumu. Alimwambia kila mtu kwamba boksi alifunga yeye, nyaya aliunga yeye. Dada yao alikuwa hamtazami, na mdogo mtu alishinda barazani, hathubutu kuingia ndani. "Ni mkono wangu, kaka," alisema. "Wewe ulifanya kazi yako."

Daktari angeweza kunyamaza. Tela lilikuwa linangoja wanunuzi wa vyuma chakavu, na vyuma chakavu havitoi ushahidi. Lakini akamshika mdogo wake mkono, wakaingia pamoja.

Dada yao alikuwa ameketi mkekani. Daktari akaketi mbele yake.

"Upande wa kulia sikusikia kitu," akasema. "Nikasema nimesikia. Masikio yangu yalikwisha zamani, nikawaficha. Huyu mwenzangu hana kosa."

Dada akageuzia uso ukutani, na mabega yake yakasogea kama ya mtu anayesema. Daktari hakuiona midomo. Akamgeukia mdogo wake, akamkuta amejifunika macho kwa kiganja.

"Amesemaje?" akauliza.

Mdogo wake akatikisa kichwa, kukataa kuyarudia, akatoka nje.