Kifuniko cha Waziri

Bwenini walimwita Waziri, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa wizara ya ndoo ya taka, wizara isiyo na posho wala wagombea. Mateso ya pua yake yalimfanya abuni kifuniko kinachobana harufu yote ndani. Siri ilikuwa upande wa chini. Kuiona ni mpaka ukifungue. Sasa likizo ilikuwa imefika, naye alikuwa ofisini kwa mjomba wake, mwenye pesa za kutengeneza vifuniko hivyo kwa maelfu. Ndoo ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa kifuniko hicho.

Mjomba alikuwa anakula kuku. Mafuta yalimtiririka hadi kwenye saa ya mkononi. Alilamba kidole kimoja kimoja kwa taadhima, kisha akachokoa meno kwa ukucha na kuukagua. Waziri akamsogezea karatasi na kalamu.

"Saini hapa kwanza, Mjomba. Kwamba hutaiga wala kumwambia mtu. Ndipo nikufungulie."

"Mimi nisaini?" Mjomba akacheka, vipande vya nyama vikaruka. "Mimi na mama yako tumenyonya ziwa moja! Nimekubadilisha nepi wewe!"

"Asante kwa nepi, Mjomba. Saini hapa chini."

Mjomba akaichukua karatasi, akaitazama, akajifutia mdomo. Akafuta na shingo.

"Hebu kaniletee maji ya kunywa, mwanangu. Wala usikimbie."

"Usifungue lakini. Nakuomba."

"Mimi? Hata kidogo!"

Waziri akatoka, akachungulia kupitia kioo cha mlango. Mjomba tayari ameshika simu mkono mmoja, kamera tayari, na vidole vya mafuta vimekikamata kifuniko. Ndugu wa damu.

Kifuniko kikang'oka.

Hapa inabidi itajwe, kwa masikitiko makubwa, kwamba ndooni mlikuwa na vichwa vya samaki ndani ya maziwa, vilivyokuwa vikiozea humo tangu wiki iliyopita. Mjomba hakuwa ameuliza. Alitoa mlio wa beberu, simu ikatumbukia ndooni kabla haijapiga picha na kumrushia maziwa mkononi, kifuniko kikabiringika sakafuni, naye akalivamia dirisha, lililogoma kufunguka.

Waziri akaingia ameziba pua, akaokota kifuniko, akakisokomeza ndani ya sweta.

"Umeona chini yake, Mjomba?"

"Nione nini! Macho yote machozi! Uvundo gani huu?"

"Uvundo huo ulikuwa mbele yako tangu ulipoanza kula. Ulisikia harufu?"

Mjomba akaliacha dirisha. Akaitazama ndoo, akatazama mifupa ya kuku kando yake. Uso wake ukaanza kupiga hesabu.

"Kumbe kinafanya kazi," akasema puani. "Lete karatasi, mwanangu. Nasaini sasa hivi. Tupeane mkono."

Waziri akautazama mkono ulionyooshwa: mafuta, maziwa mabovu, gamba la samaki limenata kwenye saa. Akaona atakuwa anaushika mkono huo miaka yote ya biashara.

"Karatasi umeshajifutia mdomo, Mjomba," akasema, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. "Kifuniko naondoka nacho. Ndoo nakuachia, si sisi ni ndugu?"